Mkao wa Nuru, na Jinsi Ubadilikavyo katika Vitu Visivyo Sawasawa

Katika Kiswahili tunalo jina la nuru, tunayo majina ya rangi zake, na maneno ya kutosha ya kueleza ukali wake na ufifi wake. Walakini nuru inayo sifa ya tatu, mbali na rangi na ukali, ambayo kwa kawaida macho ya binadamu hayaitambui. Nyuki huitambua. Karl von Frisch alionyesha mwaka wa 1949 ya kuwa mdudu huyo huongozwa na sifa hiyo iliyomo katika nuru ya mbingu ya buluu, hata jua lenyewe likiwa limefichwa asilione. Sisi, kwa kuwa hatuioni, hatukuipa jina. Na mwalimu aingiapo darasani kuifundisha huchukua neno la kigeni, nao wanafunzi hulikariri bila kukijua kilichomo ndani yake.

Katika makala haya twataka kufanya mambo mawili. Kwanza twataka kueleza sifa hiyo, na hasa jinsi inavyobadilika nuru ipitapo katika kitu kisicho sawasawa, yaani kitu ambacho tabia yake hapa si tabia yake pale. Pili twataka kupendekeza jina. Mambo hayo mawili hayatengani, kwa maana jina baya hufundisha kosa kabla mwalimu hajafungua kinywa chake.

Sifa yenyewe

Mtu na achukue kamba ndefu, aifunge ncha moja katika mti, na ncha ya pili aishike mkononi. Akiutikisa mkono juu na chini, mawimbi yatakwenda mpaka mtini, na kamba itapanda na kushuka. Akiutikisa kulia na kushoto, mawimbi yatakwenda kule kule mtini, lakini sasa kamba itayumba kwa ubavu. Akiuzungusha mkono, kamba nayo itazunguka. Njia ya wimbi ni ile ile mara zote tatu. Namna ya kutikisika ndiyo iliyobadilika.

Basi nuru nayo ni mtikisiko wa jamaa hiyo, ingawa kitikisikacho si kamba bali ni nguvu za umeme na za sumaku, kama alivyoeleza James Clerk Maxwell mwaka wa 1865. Hutikisika kwa kuikingama njia yake: juu na chini, au kulia na kushoto, au mshazari, au kwa kuzunguka. Nuru itokayo katika jua au taa hutikisika kwa namna zote zilizochanganyika, wala hapana namna moja ipitayo nyingine. Lakini ikipitishwa katika chujio maalumu hubaki namna moja tu, kama vile kamba ipitishwayo kati ya fito mbili zilizosimama: mtikisiko wa juu na chini hupita, na ule wa kulia na kushoto huzuiwa.

Machujio hayo si vitu vya mbali. Edwin Land, Mmarekani, aliomba haki ya uvumbuzi wa chujio la utando mwembamba mwaka wa 1929, na leo tando za jamaa hiyo zimo katika miwani mingi ya jua na katika vioo vya vikokotoo vinavyouzwa madukani.

Habari za jina

Mwaka wa 1669 Rasmus Bartholin, mtu wa Denmaki, aliandika habari za jiwe moja liangazalo kama kioo, lililoletwa kutoka Aisilandi. Mtu akiliweka jiwe hilo juu ya maandishi, huona kila herufi mara mbili. Christiaan Huygens alilichunguza tena katika kitabu chake cha mwaka 1690, akaona jambo la ajabu: miali miwili itokayo katika jiwe la kwanza haikugawanyika katika jiwe la pili kama nuru ya kawaida igawanyikavyo. Ilikuwa imepata kitu njiani, naye hakuweza kusema ni kitu gani.

Mwaka wa 1808, mjini Paris, Étienne-Louis Malus alitazama kwa jiwe kama hilo nuru ya jua la machweo iliyorudishwa na madirisha ya jumba la Luxembourg. Alipoligeuza jiwe, taswira moja ilififia na ya pili ikazidi, kisha kinyume chake. Akafahamu ya kuwa hata kurudishwa na kioo kwaweza kuipa nuru sifa ile. Mwaka wa 1811 akaitungia jina. Naye Malus aliamini, kama Newton, kwamba nuru ni chembe ndogo zirukazo. Akadhani ya kuwa kila chembe ina ncha, kama sumaku ilivyo na ncha mbili, na kwamba chembe hizo zimepangwa ncha kwa ncha. Kwa sababu hiyo akachukua neno litokanalo na ncha, ndilo lililokuja kuwa ‘polaraizesheni’ katika vinywa vya wanafunzi wetu.

Haikupita miaka mingi kabla msingi huo haujabomoka. Mnamo mwaka wa 1821 Augustin Fresnel alieleza ya kuwa nuru ni mtikisiko uikingamao njia yake. Chembe za Malus zenye ncha zikaachwa, lakini neno likabaki. Watu wa Ulaya hawadhuriki sana nalo, kwa kuwa wamelizoea hata hawasikii tena maana yake ya kwanza. Sisi tungelitafsiri leo kwa ‘ncha’, tungewapa watoto wetu kosa lililokwisha kuachwa zamani, nao wangelipokea kama elimu.

Wako wasemao ‘mwelekeo’. Neno hilo ni zuri, ila lina kazi nyingine: mwelekeo wa nuru ni upande iendako, nasi tumekwisha kuona ya kuwa sifa hii yaweza kubadilika na nuru ikaendelea kwenda kule kule. Wako wasemao ‘mlalo’, lakini mlalo ni kinyume cha wima, na mwalimu atashindwa atakapotaka kusema ‘mlalo wa wima’. Sisi twapendekeza ‘mkao’. Mtu aweza kubadili mkao wake asiondoke katika njia ya chombo kinachomchukua. Na mkao huwa wima, au wa ubavu, au wa mshazari, bila neno kupingana na nafsi yake. Katika sehemu zifuatazo twalitumia neno hilo, ili msomaji aone kama litastahimili kazi.

Katika kitu kilicho sawasawa

Ziko dutu ambazo nuru huenda ndani yake kwa mwendo mmoja, haidhuru mkao wake uweje: hewa, na maji, na kioo kilichopozwa polepole. Lakini ziko nyingine zenye mpango wa ndani, kama ubao wenye nyuzi, au kitambaa chenye mtande na mshindio. Ubao hupasuka upesi kwa kufuata nyuzi zake, na kwa kuzikata haupasuki ila kwa taabu. Hali kadhalika katika jiwe la Aisilandi nuru ya mkao mmoja huenda upesi kuliko nuru ya mkao uukingamao ule wa kwanza. Kwa nuru ya manjano, mwendo wa polepole ni ule wa nuru mahali patupu uliogawanywa kwa 1.658, na mwendo wa upesi uliogawanywa kwa 1.486.

Sasa nuru ikiingia kwa mkao wa mshazari, katikati ya mikao miwili hiyo, hugawanyika sehemu mbili. Ni kama watu wawili watembeao bega kwa bega, mmoja mchangani na mwenzake katika njia ngumu: huanza pamoja, lakini hawafiki pamoja. Sehemu hizo zikitoka na kuungana, mkao zinaoufanya hutegemea jinsi moja ilivyochelewa. Ikichelewa kwa robo ya wimbi, nuru hutoka ikizunguka. Ikichelewa kwa nusu ya wimbi, hutoka kwa mshazari wa upande wa pili. Ikichelewa kwa wimbi zima, hutoka kama ilivyoingia. Na katika jiwe lile, lililokatwa ipasavyo, wimbi zima la nuru ya manjano huchelewa kila upitapo unene wa sehemu 3.4 za elfu ya milimita.

Katika kitu cha namna hiyo hesabu ni nyepesi: unene ukizidi mara mbili, kuchelewa nako kwazidi mara mbili. Hesabu ya maji ya sukari ni nyepesi zaidi. Mwaka wa 1815 Jean-Baptiste Biot aliona ya kuwa maji ya sukari huuzungusha mkao mnyofu kwa kadiri ya sukari iliyomo na urefu wa njia. Na hata leo wenye viwanda hupima sukari kwa jambo hilo. Maji yale yakiwa matamu zaidi chini kuliko juu, haidhuru. Mizunguko hujumlishwa tu, kwa kuwa kila tabaka hufanya kazi ya namna moja.

Utaratibu una maana yake

Lakini kitu chenye nyuzi kisichokuwa sawasawa, yaani kile ambacho nyuzi zake hapa zimesimama na pale zimeinama, hakikubali kujumlishwa. Na jaribio lake la kwanza mwalimu aweza kulifanya mezani kwa machujio matatu. Aweke la kwanza wima na la pili la ubavu: giza tupu, kwa sababu nuru iliyopita la kwanza haiwezi kupita la pili. Sasa alitie la tatu kati yao kwa mshazari wa digrii 45. Ajabu, nuru yarudi! Kwa hesabu ya machujio yasiyo na dosari, robo ya nuru iliyotoka katika chujio la kwanza hupenya. Kisha alitoe hilo la tatu katikati na kuliweka mwisho: giza tena. Machujio ni yale yale matatu, na pembe zake ni zile zile; utaratibu tu umebadilika.

Mtu aweza kusema ya kuwa machujio hula nuru, na kwamba jambo hilo halingetokea katika vitu viangavu. Hutokea. Tuchukue vipande viwili viangavu, kila kimoja kikichelewesha kwa robo ya wimbi; nyuzi za kimoja zimekaa mshazari, na za cha pili wima. Nuru yenye mkao wa wima ikikipita kwanza kile cha mshazari, hutoka ikizunguka, na kipande cha pili huurudisha mzunguko huo kuwa mkao mnyofu wa mshazari. Lakini ikikipita kwanza kile cha wima, haigawanyiki, maana mkao wake wafuata nyuzi. Hupita kama ilivyo, kisha kipande cha mshazari huifanya izunguke. Njia moja yatoa mkao mnyofu, njia ya pili yatoa mzunguko.

Wasomaji wa kurasa hizi hawatalistaajabia jambo hili, kwa kuwa lugha yetu hulifanya kila siku. Tuchukue kitendo ‘pata’, na viungo viwili: kile cha kutendana na kile cha kutendesha. Tukianza na kutendana twapata ‘patana’, kisha ‘patanisha’, ndiyo kazi ya mzee aamuaye ugomvi. Tukianza na kutendesha twapata ‘patisha’, kisha ‘patishana’, kama majirani wawili waliopatishana hasara. Shina ni moja, viungo ni vile vile viwili, na mmoja amefanya amani, hali wengine wameharibiana mali. Kila kiungo hakilitendi shina tupu. Hulitenda neno kama kilivyolikuta. Ndivyo kila tabaka la kitu kisicho sawasawa linavyoitenda nuru: hulibadili lile lililoachwa na tabaka lililotangulia.

Henri Poincaré alilionyesha jambo hilo kwa umbo mwaka wa 1892. Alisema kila mkao na uwe nukta juu ya tufe, na kila kipande chenye nyuzi na kiwe mgeuko mmoja wa tufe hilo. Msomaji aweza kujaribu kwa chungwa lililotiwa alama: aligeuze robo kuelekea kulia, kisha robo kuelekea mbele, halafu aanze upya, akitanguliza mbele. Alama haitakuwa mahali pamoja. Mwaka wa 1941 R. Clark Jones alitunga hesabu ambayo kila tabaka huandikwa kwa tarakimu zake, nazo huzidishwa kwa utaratibu ule ule nuru inaoufuata.

Nyuzi zikipinda polepole

Hapa pana jambo la kupendeza. Turudie machujio. Bila chujio la katikati, nuru haikupita. Kwa moja la katikati ilipita robo. Tukiyapanga yawe na hatua 9, kila moja ikiinama digrii 10 zaidi ya iliyotangulia, hata la mwisho limelala kwa ubavu kabisa, hesabu yatuonyesha sehemu 76 katika 100 zikipita, nazo zimegeuzwa digrii 90 kamili. Kadiri hatua zinavyokuwa ndogo, ndivyo nuru inavyokubali kuongozwa. Njia ikikatika kwa ghafula msafiri hupotea; ikipinda kidogo kidogo hupinda nayo.

Katika vitu viangavu, Charles Mauguin wa Ufaransa alieleza kanuni hiyo mwaka wa 1911. Alichunguza vimiminika vya ajabu ambavyo Friedrich Reinitzer alikuwa amevigundua mwaka wa 1888: humiminika kama mafuta, na hali chembe zake zimejipanga kama nyuzi za ubao. Mauguin aliona ya kuwa nyuzi hizo zikisokotwa polepole, kwa kulinganisha na unene uhitajiwao kuchelewesha wimbi zima, mkao mnyofu ulioingia kwa kuzifuata huzunguka pamoja nazo mpaka mwisho. Zikisokotwa upesi mno, mkao huachwa nyuma.

Elimu hiyo ilikaa karibu miaka 60 bila kazi kubwa. Kisha mwaka wa 1970, mjini Basel katika Uswisi, Martin Schadt na Wolfgang Helfrich wakatia kimiminika cha namna hiyo, katika unene wa sehemu chache za elfu ya milimita, kati ya vioo viwili na machujio mawili yaliyokingamana. Nyuzi zilisokotwa digrii 90. Nuru ikafuata msokoto, ikapita chujio la pili. Umeme ulipotiwa, nyuzi zilisimama, msokoto ukafumuka, nuru ikazuiwa, na mahali pale pakawa peusi. Katika vikokotoo na saa nyingi tarakimu nyeusi hufanywa hivyo. Muuza duka ajumlishaye deni la mteja wake husoma mkao wa nuru, ingawa hajui.

Kioo kifichacho mkazo

Lakini pengine vitu visivyo sawasawa havikupangwa na fundi, na hapo pana hatari. David Brewster alionyesha mwaka wa 1815 ya kuwa kioo cha kawaida, kikikazwa au kuvutwa, hupata tabia ya kitu chenye nyuzi: huchelewesha mkao mmoja kuliko mwingine. Mkazo ambao jicho haliuoni, nuru yenye mkao huuona. Vioo vya pembeni na vya nyuma vya motokaa huchomwa kupita digrii 600, kisha hupulizwa hewa baridi. Ngozi ya nje huganda kwanza. Ndani huganda baadaye na kujikunja, ikiikaza ngozi. Mkazo huo ndio ukipao kioo nguvu, na kikivunjika hutoka vipande vidogo vidogo visivyo na makali ya kuchoma watu. Mtu aliyevaa miwani ya machujio huona mara nyingi mabaka yaliyopangika katika kioo cha nyuma cha motokaa. Si uchafu, ni alama za mahali hewa ilipopiga, palipopoa tofauti na jirani yake.

Je, twaweza kuusoma mkazo wote kwa kuitazama nuru itokayo? Hapa elimu yatuonya. Mwaka wa 1941 Henry Hurwitz pamoja na Jones walithibitisha ya kuwa kitu kiangavu kisicholanguza nuru, hata kiwe na matabaka mangapi yaliyopinda, kwa nuru ya rangi moja mwisho wake ni sawa na kipande kimoja chenye nyuzi pamoja na mzunguko mmoja. Maana yake ni kwamba safari nyingi mbalimbali zaweza kutoa mkao mmoja. Nuru hufika na jumla ya habari, wala haisemi ni lipi lililotokea wapi. Kwa hiyo apimaye chupa au kioo kinene hana budi kuipitisha nuru kwa pande nyingi, na kuzilinganisha habari zake kama hakimu awaulizaye mashahidi mbalimbali. Kazi hiyo aliiendeleza sana Hillar Aben, mjini Tallinn katika Estonia, ambaye kitabu chake juu yake kilitoka kwa Kiingereza mwaka wa 1979. Mpimaji ajumlishaye tu, kama ajumlishavyo sukari, aweza kukisifu kioo kitakachopasuka mikononi mwa mtu.

Maneno tunayoyapendekeza

Basi twaleta kwa walimu wenzetu maneno haya: ‘mkao wa nuru’ kwa sifa yenyewe; ‘nuru isiyo na mkao’ kwa ile ya jua na taa; ‘mkao mnyofu’, ‘mkao wa mzunguko’, na ‘mkao wa duaradufu’ kwa ule ulio kati ya hiyo miwili. Tumelijaribu neno ‘mkao’ katika kurasa hizi, nalo limeingia katika fuwele na katika maji ya sukari, likasokotwa na vimiminika, likatoka katika kioo chenye mkazo, wala halikutulazimisha kusema uongo mahali popote. Mwanafunzi alisikiaye atafahamu mara moja ya kuwa ni jambo liwezalo kubadilika njiani, na hilo ndilo jambo kubwa la kulifahamu. Mwenye neno lililo bora na alilete, lakini kwanza alipitishe katika njia hiyo hiyo, tabaka kwa tabaka.